Mikopo ya vizimba iende pamoja na utafiti wa mbegu ya sato

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa ufugaji wa samaki kwenye vizimba, yaani nyavu zilizofungwa kwenye fremu zinazoelea, katika Ziwa Victoria. Tangu Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua hapa Mwanza ugawaji wa vizimba na boti kwa mikopo isiyo na riba, mjadala huo umehusu zaidi idadi ya vizimba, bei ya chakula na wizi wa samaki usiku. Hayo ni ya kweli na yanauma. Lakini lipo jambo linaloyatangulia yote, nalo halizungumzwi: sato tunayemtia kizimbani amezaliwa na wazazi gani, nani aliwachagua, na kwa kigezo kipi.

Wachangiaji kadhaa wamekuwa wakitupigia mfano wa Norway na samoni wake, samaki wanayemfuga kwenye vizimba vya baharini. Mfano ni mzuri, ila wanachokisifia ni vizimba vipana, meli za kisasa na mapato ya mauzo ya nje, yaani matunda, huku mizizi ikiachwa. Ufugaji wa samoni kibiashara ulianza kushika kasi nchini humo karibu na mwaka 1970, na mapema katika muongo huohuo wataalamu wa uzalishaji wa mifugo, Harald Skjervold na Trygve Gjedrem wakiwa mbele, walichukua elimu iliyokwisha kutumika kwa ng'ombe na kondoo wakaihamishia kwa samaki. Walikusanya mbegu kutoka mito ipatayo 40, wakalea kila familia peke yake hadi samaki wakafikia ukubwa wa kutiwa alama, wakapima ukuaji wao, kisha wakachagua wazazi wa kizazi kilichofuata kutoka familia zilizofanya vizuri. Kizazi kimoja cha samoni huchukua kama miaka minne, kwa hiyo kazi hiyo ilihitaji subira na fedha ya umma, na faida yake ikawa ukuaji ulioongezeka kwa karibu asilimia 10 au zaidi kila kizazi.

Upande wa magonjwa ndio unaonivutia zaidi, na naomba msomaji anivumilie hapa. Samaki aliyeambukizwa ugonjwa kwa makusudi katika maabara hawezi kurudishwa kundini awe mzazi, kwa kuwa atakuja na vimelea vyake. Watafiti wakaona njia ya kuzunguka: wanaoambukizwa ni ndugu zake wa tumbo moja, na familia ambayo wengi wamenusurika ndiyo inayotoa wazazi, ingawa wazazi hao wenyewe hawajawahi kuugua. Kwa njia hiyo, mwishoni mwa muongo wa 2000, watafiti wa Uskoti na Norway waligundua kwamba katika ugonjwa mmoja wa virusi unaoshambulia kongosho la samoni wachanga, sehemu kubwa ya tofauti kati ya wanaokufa na wanaopona inatokana na eneo moja tu la vinasaba. Tangu hapo mzazi aliweza kuchaguliwa kwa kupima kipande kidogo cha pezi lake, na vifo vya ugonjwa huo vikapungua sana.

Chanjo nazo zilifanya kazi yake. Mwaka 1987 wafugaji wa Norway walitumia karibu tani 48 za dawa za antibiotiki kwa samaki ambao jumla yao haikufika hata tani laki moja. Leo nchi hiyo inazalisha zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, na dawa hizo hazifiki tani moja. Sisemi kwamba wamemaliza matatizo. Chawa wa samoni bado anawasumbua, na katika miaka ya karibuni takriban samaki 15 hadi 17 katika kila 100 wamekuwa wakifa wakiwa baharini kabla ya kuvunwa. Tofauti ni kwamba wao wanaijua idadi hiyo. Sisi huku samaki wakielea alfajiri tunawatoa kwa nyavu, tunawafukia, na kesho yake tunanunua vifaranga wengine.

Hao vifaranga wengine wanatoka wapi? Katika vituo vingi vidogo vya kutotolesha, wazazi ni wachache, na wanapozeeka nafasi zao huchukuliwa na watoto wao wenyewe, hivyo ndugu huzaana na ndugu mwaka baada ya mwaka. Baya zaidi, samaki waliokua haraka ndio wanaouzwa kwanza, na waliodumaa hubaki bwawani wakawa wazazi. Huo nao ni uchaguzi wa nasaba, tena unafanyika kwa uaminifu mkubwa, isipokuwa unarudi nyuma. Wafugaji wengi nao huamini kwamba mbegu bora maana yake ni vifaranga wa dume tupu. Kumlisha kifaranga homoni katika wiki zake za mwanzo ili awe dume kunazuia kuzaliana ovyo na kunasaidia ukuaji, lakini hakumpi nasaba ambayo wazazi wake hawakuwa nayo.

Jambo la kushangaza ni kwamba sato wa Afrika amekwisha kufanyiwa kazi hii, ila alifanyiwa mbali na kwao. Mwaka 1988 huko Ufilipino ulianza mradi wa kuboresha nasaba yake kwa msaada wa wataalamu walewale wa Norway waliobobea kwa samoni. Walichukua samaki wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakawachanganya na koo zilizokuwa zikifugwa Asia, na kwa kuwa sato hupevuka ndani ya miezi michache, walipata katika miaka michache mafanikio ambayo kwa samoni yangechukua miongo. Mbegu hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama GIFT, ndiyo ambayo baadhi ya wachangiaji wako wanataka iagizwe mara moja iletwe ziwani.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Ghana ilikuwa na mpango wake wa kuboresha sato wa Mto Volta pale Akosombo, na mbegu ya Akosombo ikawa ndiyo iliyoidhinishwa. Hata hivyo mbegu yenye asili ya GIFT ilikuja kuonekana kwenye mashamba ya huko bila kupitia utaratibu, na mwaka 2018 vizimba vya Ziwa Volta vilikumbwa na virusi vilivyoua samaki kwa wingi mno. Siunganishi mambo hayo mawili kama sababu na matokeo. Ninachosema ni kwamba samaki hai akivuka mpaka, huvuka pamoja na kila kilichomo mwilini mwake, na mwenye kizimba hana namna ya kukiona kwa macho. Virusi vya sato vilivyotambuliwa Israeli mwaka 2014 tayari vimeripotiwa katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa kwetu. Tusiviongezee wenzake.

Kuna watakaosema kwamba sato mwenyewe ni mgeni ziwani, aliyepandikizwa miaka ya 1950, hivyo hakuna nasaba ya asili ya kulinda. Hoja hiyo ni nusu. Waliokuwapo kabla yake ni ngege na mbiru, jamaa zake wa asili ya ziwa hili, ambao ziwani wamekaribia kutoweka lakini bado wanapatikana katika baadhi ya maziwa madogo na malambo ya kanda hii, na imethibitishwa kwamba sato huzaa nao machotara. Kizimba hupasuka kwa dhoruba, nyavu hutafunwa, na vifaranga hubebwa kwa ndoo kutoka bwawa hadi bwawa. Norway, pamoja na elimu yake yote, imekuta chembechembe za nasaba ya samoni wa kufugwa katika sehemu kubwa ya mito yake iliyopimwa, na hakuna mtaalamu anayejua namna ya kuzitoa.

Kuhusu lishe nitasema kwa ufupi, maana bei ya chakula imekwisha kujadiliwa vya kutosha. Mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula cha samoni wa Norway ilitokana na samaki wengine wa baharini; kufikia 2013 sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 30 hivi, na nafasi ikachukuliwa na mazao ya shambani. Njia haikuwa nyepesi: soya isiyosindikwa vizuri ilivimbisha utumbo wa nyuma wa samoni, na mafuta ya mimea yalipunguza mafuta ya omega-3 katika nyama anayokula binadamu. Kama mla nyama yule ameweza kuzoezwa, sato, ambaye kwa asili hula mwani, hatupaswi kumlisha dagaa ambao mama wa Kirumba anawauza kwa fungu kwa watu wasiomudu kitoweo kingine. Kanda yetu ina mashudu ya pamba na pumba za mpunga. Mashudu ya pamba yana sumu ya gosipoli, inayodumaza samaki na kuharibu uzazi wake ikizidi kipimo, na kipimo hicho kwa sato wetu, katika maji yetu, ndicho kitu cha kufanyiwa majaribio.

Kanda ya Ziwa haihitaji kwenda mbali kujifunza subira ya mbegu. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, hapo Misungwi, tangu enzi za ukoloni watafiti wamechagua kizazi baada ya kizazi mbegu za pamba zinazostahimili wadudu wa chawajani na ugonjwa wa bakteria unaotia madoa kwenye majani, na mkulima wa Kwimba au Magu anayepanda mbegu yenye jina linaloanza na UK anavuna kazi hiyo hata kama hajawahi kulifikia lango la kituo. Kwa samaki tunayo Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, yenye kituo hapa Mwanza, na tunacho chuo cha uvuvi Nyegezi chenye vijana wanaohitaji mahali pa kujifunzia kwa vitendo.

Ninachopendekeza kwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi ni kwamba sehemu ya fedha za mpango wa vizimba itengwe kwa ajili ya kundi moja la wazazi wa sato wa ziwa hili, lenye familia nyingi, zenye alama na kumbukumbu, litakalochaguliwa kwa ukuaji na kwa kustahimili magonjwa, na ambalo vituo binafsi vya kutotolesha vitanunua wazazi kutoka kwake badala ya kurithishana ndugu. Lisimamiwe na watafiti, na bajeti yake isiwe ya mwaka mmoja mmoja. Wakati hilo likisubiriwa, mkataba wa mkopo uongezewe kipengele kisicho na gharama: kila mkopaji aandike vifaranga wake wametoka kituo gani, na kila vifo vinapozidi kawaida apeleke taarifa na samaki watatu wanne kwenye barafu, kabla hawajaoza, kwa ofisa uvuvi wa kata, naye awafikishe maabara siku hiyohiyo.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa sato,
Kayenze, Ilemela, Mwanza