Usimchane Mzee Kibwana

Chumbageni, Tanga
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sote wazima, mama anakusalimu sana, na mvua za vuli zimeanza kwa fujo.

Barua yako imenikosesha usingizi. Unasema kalamu imegoma. Mzee Kibwana wa hadithi yako umemwacha jukwaani amevaa koti la kuazima, uwanja umejaa, watu wanasubiri ahutubie, na wewe hujui atafungua mdomo aseme nini. Halafu unasema utazichana kurasa zote. Nakuomba, usichane. Nimeweka kando madaftari ya wanafunzi ili nikuandikie leo leo.

Nataka nikueleze habari za Mark Twain, yule Mmarekani aliyechekesha watu kwa maandishi kuliko karibu wote wa zama zake. Jina lake hasa ni Samuel Clemens, mzaliwa wa Missouri, 1835. Baba yake alifariki mwaka 1847, na haikuchukua muda masomo yakakatika, mtoto akaingia uanagenzi kwa wachapaji. Baadaye akawa rubani wa meli za mvuke katika mto Mississippi. Leseni aliipata 1859. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipofunga mto mwaka 1861, akaenda Nevada kutafuta madini ya fedha migodini, akaambulia kazi ya gazeti. Kisa kifupi cha chura wa mashindano, mwaka 1865, ndicho kilichomtangaza. Kwa hiyo alipoanza kuandika vitabu alikuwa amekwisha kusikia kila aina ya watu wakisema, wakidanganya na wakigombana.

Sasa sikiliza. Akiandika The Adventures of Tom Sawyer, alifika kwenye ukurasa wa 400 hivi wa mswada, hadithi ikagoma kabisa. Akaukalia siku baada ya siku, wapi! Akaufungia. Miaka miwili baadaye akautoa, akasoma sura ya mwisho aliyoiandika, ndipo akaelewa kilichompata: tangi lilikuwa limekauka. Tangi likikauka, aliyasimulia haya uzeeni mwaka 1906, unaliacha tu, litajaa lenyewe huku umelala au unashughulika na jingine. Tangu hapo hakukosa miswada miwili au zaidi iliyolala nusu, akihama kutoka huu kwenda ule. Nampendea hapo, Mwanaidi. Hakusema kipaji kimekufa. Alisema malighafi imekwisha, basi.

Na Adventures of Huckleberry Finn je? Alikianza kiangazi cha mwaka 1876. Agosti ile ile akamwandikia rafiki yake, William Dean Howells, kwamba kinampendeza kiasi tu na huenda akakifungia au akakichoma moto. Umeona? Kitabu hicho hicho ambacho leo dunia nzima inamjua kwacho! Akakiweka pembeni, akaandika mengine, akakigusa tena kidogo, akakiacha. Mwaka 1882 akarudi Mississippi, akapanda meli, akaitazama upya miji ya utoto wake. Kiangazi kilichofuata akaurudia mswada, kurasa zikammiminikia hata mwenyewe akashangaa. Uingereza kikatoka Desemba 1884, Marekani Februari 1885. Hebu piga hesabu tangu alipoanza.

Mahali alipoandikia napo pananivutia. Ni Quarry Farm, shamba la shemeji yake huko Elmira, New York. Mwaka 1874 shemeji huyo alimjengea kibanda cha pembe nane kilimani, madirisha kila upande. Siku za joto aliyafungua yote, upepo ukaingia utakavyo, akagandamiza karatasi zake kwa vipande vya matofali, akaandika na shati jepesi la kitani. Jioni aliteremka akawasomea mke na watoto alichoandika. Hili la kusoma kwa sauti usilipuuze. Kichekesho kikiwa bado kwenye karatasi hujakijua. Kipe sikio la mtu kwanza.

Najua wapo wanaofundisha kwamba mwandishi ajifungie, ajilazimishe kila siku mpaka litoke. Kwa ripoti na makala sina ugomvi nao. Kwa hadithi ya kuchekesha nakataa: kicheko cha kulazimishwa msomaji anakinusa tangu mstari wa kwanza, na hakusamehe. Wala sikwambii kila kilichokwama kitakwamuka. Twain mwenyewe alifariki 1910 akaacha miswada kadhaa isiyokamilika. Ila Kibwana si wa kuachwa hivyo.

Kwa nini? Kwa sababu ya yule jirani mwenye koti, anayefuatana na Kibwana nyumba kwa nyumba kwenye kampeni, na kila mara mzee akitaka kukaa anawahi kupangusa kiti kwa kanga ya mkewe ili koti lisichafuke. Nilicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea, akakaa kitako akataka yote. Yale hukuyatunga mezani. Uliyachota hapa mtaani, kwenye kijiwe cha kahawa, kwenye mikutano ya serikali ya mtaa. Tangu uhamie Dodoma ni ofisi na nyumbani, nyumbani na ofisi. Utachota wapi hotuba ya Kibwana?

Basi mfungie kabatini, bila hasira. Hiyo hadithi ya mama ntilie na wakopaji wake uliyonidokezea, ianze wiki hii hata kama ni ukurasa mmoja. Jumamosi tafuta kijiwe huko huko Dodoma, kaa usikilize wanavyobishana juu ya mwenyekiti wao, na daftari uliache nyumbani. Ukija Desemba njoo na kurasa zote za Kibwana. Tutawasomea mama na mjomba Salehe barazani, na mjomba unamjua, alishagombea mara mbili.

Nijibu upesi uniambie kurasa ziko salama, maana mama ananiuliza kila siku mzee alihutubia nini.

Shoga yako,
Zuhura