Mabao ya washambuliaji wa Wales baada ya vita yahesabiwe vizuri

Ndugu Mhariri,

Jedwali likionyesha mshambuliaji wa Wales wa miaka ya 1940 ana misimu mitatu minne tu ya Daraja la Tatu, msomaji huamua papo hapo kwamba alikuwa mchezaji wa kawaida. Anapunjwa. Kabla ya kulichapisha, naomba mlipekue hivi.

Kwanza tazameni pengo. Ligi ya England, ambamo klabu kubwa za Wales zilicheza, ilisimama Septemba 1939 na kurejea 31 Agosti 1946. Mechi chache zilizokuwa zimechezwa msimu wa 1939/40 zilifutwa. Wakati wa vita mpira uliendelea, lakini wachezaji waliazimwa na klabu yoyote iliyokuwa karibu na kambi au kiwanda walikopangiwa, na mabao hayo hayahesabiwi rasmi. Trevor Ford aliifungia Swansea Town mabao zaidi ya 40 msimu wa 1945/46. Kwenye rekodi ya ligi hayamo. Mtego uko hapa: Kombe la FA lilirudi msimu huohuo, raundi nyingi zikichezwa nyumbani na ugenini, nalo ni rasmi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mabao ya kombe katika mwaka ambao safu yake ya ligi ni tupu. Asiyelijua hilo hudhani ni kosa la chapa, akayafuta.

Stan Richards ndiye mfano wangu. Cardiff City walimtoa Cardiff Corinthians, timu ya ridhaa, na alipoanza kucheza ligi alikuwa na miaka 29. Msimu wake wa kwanza, 1946/47, alifunga mabao 30 ya ligi, rekodi ya klabu iliyosimama hadi Robert Earnshaw alipoivunja mwaka 2003. Cardiff walitwaa ubingwa wa Daraja la Tatu Kusini kwa pointi 66, enzi ambayo ushindi ulikuwa na pointi mbili. Timu zilikuwa 22 na alipanda bingwa peke yake. Queens Park Rangers walioshika nafasi ya pili walibaki palepale. Mwaka 1948 Richards alihamia Swansea Town, nao wakawa mabingwa wa daraja hilohilo msimu wa 1948/49. Klabu mbili, mataji mawili, na jina lake bado halitajwi sana!

Kilichomsumbua ni goti. Gegedu la goti, yaani kizibo laini kinachokaa kati ya mifupa, likichanika siku hizo, daktari alipasua goti na kuling'oa gegedu lote, na goti likabaki bila mto wake. Uwanja wa Januari ulikuwa tope. Mguu ukinasa huku kiwiliwili kikigeuka, goti ndilo hupokea msokoto wote. Mchezaji wa akiba hakuruhusiwa hadi msimu wa 1965/66, kwa hiyo mshambuliaji aliyeumia dakika ya 20 alisogezwa winga akachechemea hadi filimbi ya mwisho, na jedwali likamwandikia mechi nzima bila bao. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, gramu 396 hadi 453 ukiwa mkavu. Ukilowa ulizidi hapo, na kuupiga kichwa upande wa kamba kuliacha alama kwenye paji la uso.

Mshahara ulikuwa na kikomo hadi 1961: mwaka 1947 hakuna aliyeruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 12 kwa wiki wakati wa msimu, awe wa daraja la kwanza au la tatu. Mkataba ukiisha, klabu iliweza kuushikilia usajili wa mchezaji hata bila kumchezesha. Ndiyo maana baadhi walishukia klabu za Wales zilizocheza Ligi ya Kusini, iliyokuwa nje ya Ligi ya England, kama Barry Town na Merthyr Tydfil, na mabao ya huko nayo hayamo kwenye jumla ya ligi.

Basi kila jedwali liwe na umri wa mchezaji siku ya mechi yake ya kwanza ya ligi, safu ya mabao ya vita iliyotengwa na jumla rasmi, na safu nyingine ya Ligi ya Kusini. Nafasi ikibana, punguzeni picha.

Msomaji wenu wa kurasa za michezo