Nilitoka nyumbani kwake bila kuaga, sasa nianzie wapi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 25, mzaliwa wa Pumwani hapa Nairobi. Nyumbani kwetu Majengo tunaishi watu watano, mama yangu na nyanya mzaa mama wakiwemo. Nimesoma majibu yako kwa wenzangu kwa muda mrefu na sikudhani siku moja nami nitakuandikia. Jambo langu si la mapenzi wala la ndoa. Ni la kuaga. Kuna mama mmoja huko Uhispania aliyenikalisha kwake wiki nane kama mwanawe. Siku ya kuondoka nilitoka nyumbani mwake kabla hakujapambazuka, yeye amelala, nikaenda zangu. Hakuwa amenikosea lolote. Sasa inakaribia miezi miwili na sijamwambia neno.

Nieleze tangu mwanzo. Nilipomaliza diploma ya utalii niliona kwamba msimu wa nyumbu kuhama, Julai na Agosti, mbuga ya Maasai Mara inajaa wageni wanaozungumza Kihispania, na waongozaji wanaokijua ni wachache. Nikaanza masomo ya jioni. Baada ya miaka miwili mwalimu aliniambia kwamba darasa limenifikisha linapoweza, kilichobaki ni kwenda kukaa na wenye lugha. Mjomba alitoa nusu ya gharama, mimi nikavunja akiba yangu, nikaenda Salamanca mwishoni mwa Juni. Ni mji wa chuo kikuu tangu mwaka 1218, majengo yake ya mawe yenye rangi ya asali. Niliacha Nairobi ya masweta na chai ya tangawizi, nikakuta jua ambalo mchana linawafanya watu wafunge madirisha na kuteremsha mapazia ya mbao mpaka alasiri.

Shule ilinipangia makazi kwa huyo mama. Ni mjane aliyepita miaka 70, anaishi orofa ya tatu, watoto wake wako Madrid. Nilimwita Señora na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Siku ya kwanza alinionyesha chumba, akanipa ufunguo, kisha akanisimamisha jikoni mbele ya kikaango kipya chenye karatasi yake ya dukani bado. Shule ilikuwa imemwambia anakuja Mwislamu. Alisema vikaango vyake vyote vimekwisha kukaanga nguruwe kwa miaka mingi na hakuona haki kunipikia humo. Sikuwa nimemwomba. Mimi nilikuwa nimejiandaa kula matunda na mkate wiki nane. Katika kikaango kile alinipikia mayai na viazi vyao vinavyoitwa tortilla, na mimi humo humo nikamfundisha chapati. Za kwanza zilikuwa ngumu kwa sababu unga wao si kama wetu, lakini alikula tatu, akamwekea jirani moja.

Kihispania kina "wewe" mbili, tú ya mtu uliyemzoea na usted ya heshima. Aliniambia nimwite tú kama wanafunzi wengine, nami ulimi ukakataa. Nitamwambiaje tú mtu wa umri wa nyanya yangu? Nikamweleza kwamba kwetu heshima haikai kwenye "wewe", inakaa kwenye salamu. Nikamfundisha shikamoo. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikitoka chumbani nasema shikamoo, naye akiwa na kikombe chake cha kahawa anajibu marahaba, ile "h" akiikwaruza kooni kama "j" ya kwao. Kisha ananiita hija, yaani binti yangu. Hatukukosa hata asubuhi moja, ila ile ya mwisho.

Jioni tulikuwa tukitembea hadi Plaza Mayor, tunakaa kwenye benchi pamoja na wazee wengine. Mwezi wa Julai kule jua linazama karibu saa nne za usiku. Mimi nimezoea Magharibi ambayo hapa kwetu mwaka mzima haipiti saa moja, kwa hiyo nilikuwa nikipotewa na hesabu ya swala. Yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha. Anatazama juu ya mapaa, anasema, "Hija, limezama," tunanyanyuka. Kanisani anakwenda kila Jumapili na hakuwahi kuniuliza swali la kunichimba kuhusu dini yangu.

Alipenda sana kusema ojalá. Ojalá mvua inyeshe, ojalá ufaulu. Mwalimu wa shule alitueleza kwamba neno hilo limetokana na Kiarabu, tangu enzi za Waislamu kule kati ya 711 na 1492, na asili yake ni kumwomba Mwenyezi Mungu apende. Hata hasta ya kuagia, kama katika hasta luego, ina asili moja na "hata" yetu. Nilipomweleza Señora, aliniambia basi sisi ni jamaa na hatukuwa tunajua. Wiki ya mwisho alianza kusema "ojalá vuelvas", Mungu akipenda utarudi. Alitaka nirudi kwa sherehe za mji wao za tarehe 8 Septemba, za Bikira wa mji, ambazo mimi nilizikosa kwa wiki mbili hivi tu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ndege yangu ilikuwa ya mchana kutoka Madrid na tulipatana nipande basi la saa mbili asubuhi. Señora alisema atanisindikiza mpaka kituoni. Usiku ule aliniwekea kwenye friji tortilla iliyofungwa kwa karatasi ya fedha, juu ameandika jina langu na "para el viaje", ya safarini. Nilikwenda kulala na sikupata usingizi. Kila nikifumba macho namwona amesimama kituoni na ule mkoba wake mweusi, basi linaondoka, yeye anarudi peke yake kwenye ile nyumba ya orofa ya tatu. Kifua kikanibana. Saa kumi nikaamka, nikakunja mashuka, nikabeba sanduku mkononi ili magurudumu yasipige kelele. Jikoni niliandika kijikaratasi: asante kwa yote, hasta luego. Nilifungua friji kunywa maji nikakiona kile kifurushi. Sikukichukua. Niliona mtu anayetoroka hastahili masurufu. Nikaweka ufunguo juu ya meza na kuvuta mlango taratibu, nikapanda basi la kwanza.

Wahispania wana msemo kwa jambo hilo. Kuondoka bila kuaga wanaita kuaga kwa Kifaransa, "despedirse a la francesa". Tuliusoma darasani mwezi Agosti na mimi ndiye niliyeulizwa nitunge sentensi nao.

Nilipotua Nairobi nilikuta ujumbe wake wa sauti. Unaanza hivi: "Marahaba, hija." Kisha ananiuliza kama nimefika salama. Shangazi, alikuwa anajibu shikamoo ambayo sikuwa nimempa. Niliusikiliza nikiwa bado nasubiri sanduku uwanjani, nikashindwa kujibu. Nikasema nitajibu nikifika nyumbani. Nyumbani nikasema kesho. Wiki mbili baadaye alituma mwingine, akinisimulia habari za sherehe. Wa tatu ulikuwa mfupi, anasema anaelewa kwamba nina kazi nyingi. Tangu hapo kimya.

Kisha wiki mbili zilizopita mwanamke wa shule anayepanga makazi aliniandikia. Anasema Señora alimfuata kuuliza kama aliwahi kunilisha kitu kisichofaa. Aliikuta ile tortilla kwenye friji, akakaa akawaza: labda kijiko kilichanganyika, labda mafuta yalikuwa ya kikaango kingine, labda binti aligundua na akaondoka kwa hasira ila adabu ilimzuia kusema. Ameniharibia usingizi tangu siku hiyo. Mtu aliyenunua kikaango kwa ajili yangu anaamini amenilisha haramu.

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza sana, na nitakuambia wewe jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa na miaka 9 mama yangu alipata kazi ya nyumbani Saudia. Usiku wa kuamkia safari tulilala kitanda kimoja, akanisuka nywele kabla ya kulala. Nilipoamka upande wake ulikuwa baridi. Nyanya aliniambia wameona ni afadhali nisimwone akitoka, nisije nikalia na kumvunja moyo. Alhamdulillahi, alirudi salama baada ya miaka minne, na leo tunapozungumza yuko chumba cha pili anakunja nguo. Hatujawahi kuizungumzia asubuhi ile. Ninachojua ni kwamba kwa muda mrefu niliamini nilikuwa nimefanya kosa fulani usiku, labda nilimpiga teke usingizini, ndiyo maana akaondoka. Nilipousoma ule ujumbe wa shule kuhusu tortilla, nilimtambua yule mtoto.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mjomba anasema nisijisumbue, yule mama alikuwa akilipwa na shule kwa wiki na kila kiangazi anapokea wengine. Ni kweli alilipwa. Lakini Shangazi, malipo yalikuwa ya kitanda na chakula. Sidhani kuna shule inayomlipa mtu ili atazame mapaa amkumbushe mgeni swala.

Binamu yangu anasema nitume ujumbe wa kuandika, mfupi, wenye picha za maua, nimalize. Nimeuandika mara saba na kuufuta mara saba. Kihispania changu ambacho kimenipa kazi mwezi uliopita, hapo kinakauka. Ndiyo, nimepata kazi, na kwenye mahojiano mkuu wa ofisi aliniuliza nani alinifundisha kuzungumza hivi. Nilitaja shule.

Nyanya ndiye mkali. Yeye alilelewa hapa Majengo ambapo mgeni anaaga ndani, anaaga tena mlangoni, kisha mwenyeji anamsindikiza mpaka Digo Road na huko nako wanasimama nusu saa wakiagana. Nilipomweleza nilichofanya alinyamaza, halafu akasema mgeni akitoka bila kuaga humwachia mwenyeji mawili, ama ahesabu vijiko vyake, ama ahesabu makosa yake, na kwamba yule mama ameanza la pili kwa hiyo nina deni. Ameninunulia leso Biashara Street ya kumpelekea. Anataka nipige simu, nimwombe radhi kwa sauti, tena kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huu wa Oktoba. Nilimwambia kwamba siku hiyo kule wanarudisha saa zao nyuma na tofauti yetu inakuwa saa mbili badala ya moja. Yeye ameichukua kama mbali inayozidi kuwa mbali.

Mimi nimekubali kupiga. Hapo sihitaji kusukumwa. Ninapokwama ni katika mambo haya, na ndiyo ninayokuomba unisaidie.

Kwanza, nimpe sababu ya kweli au niombe radhi tu bila sababu? Nikisema nilishindwa kuvumilia kumwona akilia, naogopa itasikika kama namtupia yeye lawama kwa kunipenda. Nikisema habari ya mama yangu, ataelewa mara moja, namjua. Lakini hapo nitakuwa nimemweleza mama wa ugenini jambo ambalo mama yangu mzazi, aliye chumba cha pili, hajawahi kulisikia kutoka kinywani mwangu. Itakuwa haki kweli? Au itanipasa nianze na mama ndipo nipige simu? Naye mama hakwenda Saudia kujistarehesha. Alikwenda ili mimi nisome, na ada ya sekondari ilitoka kwenye jasho lile. Sitaki afikiri namdai.

Pili ni la kurudi. Najua ataniuliza. Viza ya matembezi inaruhusu hadi siku 90, hilo si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni nauli, na mshahara wangu ndio kwanza umeanza. Kijikaratasi changu kilisema hasta luego, hadi tutakapoonana, na niliandika nikijua sina hakika. Safari hii nisingependa kumwambia neno nisilolijua. Kwa Kihispania ukisema adiós unamkabidhi mtu kwa Mungu, na ingawa wao hulitumia kila siku, kwangu ni neno zito. Nimwambie adiós na niwe mkweli, au nimwachie ojalá tuombe sote wawili?

Na la mwisho ni dogo lakini linanisumbua. Leso ya nyanya ina jina, kama leso zote, na Señora atataka nimtafsirie. Nyanya alichagua rangi, jina hakulitazama. Limeandikwa "Usinisahau nami sitakusahau". Mimi ndiye niliyenyamaza miezi miwili, yeye ndiye aliyekumbuka. Nimpelekee hivyo hivyo, au nirudi Biashara Street nitafute nyingine?

Nyanya amesema Ijumaa, tukitoka swala, atakaa kando yangu nikipiga. Kama utaweza kunijibu kabla ya siku hiyo nitashukuru sana.

Ni mimi,
Msomaji wako, Pumwani, Nairobi.