Kabla Masanja hajasaini

Mwanza, Jumapili usiku

Rehema shoga yangu,

Salamu nyingi, na hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mimi mzima, mafua tu. Tangu msiba wa Mama Kulwa sijakupigia, nawe hujanipigia, kwa hiyo lawama tugawane nusu kwa nusu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungeanza kucheka kabla sijafika kwenye hoja.

Hoja ni mdogo wangu Masanja. Amepata udhamini! Kampuni moja ya madini, jina utaliona mwenyewe kwenye mkataba, imechagua wanafunzi sita wa uhandisi migodi na yeye yumo. Ada yote, posho, kompyuta, na fildi mgodini kila likizo ndefu. Akimaliza anawatumikia miaka minne. Mkataba unatakiwa Ijumaa, na shahidi wa kusaini ni mimi.

Nyumbani hakukaliki. Mama ameshawatangazia kanisa zima. Baba naye unamjua: "Mimi nimeshuka kwenye maduara ya dhahabu Nyarugusu miaka kumi na tisa bila hata karatasi, nikatoka na kikohozi. Hawa wameweka maandishi, asaini." Nikimwambia maandishi yenyewe ndiyo yananitia wasiwasi, ananiuliza kama chuo walinifundisha kuogopa wino.

Kifungu cha 9, Rehema. Kinasema mdhamini atagharamia masomo "kadiri hali ya biashara itakavyoruhusu". Nilipokisoma nikakuona wewe, umekaa juu ya ile ndoo ya bluu pale hosteli ya Mabibo, na barua yako ya mistari miwili ya kukatiwa udhamini mkononi. Dhahabu iliyokaribia dola 1,900 kwa wakia mwaka 2011 ilikuwa imeporomoka, mwisho wa 2013 inacheza kwenye 1,200, na kila mgodi unabana matumizi. Walioanza kubanwa mkawa ninyi wa udhamini. Hukulia. Ulikunja barua, ukaenda kumkopa mama mdogo, wiki iliyofuata unauza vitenge koridoni.

Lakini ndipo ninapochanganyikiwa, kwa sababu mwisho wa yote uliyepata kazi ni wewe. Pesa zilikatika, ila mgodi ulikuwa umeshakujua. Mzee Spana alikuwa amekuona likizo mbili, anajua unaamka, anajua huogopi giza la chini, na nafasi ilipopatikana akamtaka "yule binti wa sampuli". Mimi na bumu langu la Bodi ya Mikopo niliandika barua za fildi kumi na nne. Nilijibiwa moja, kwamba nafasi zimejaa. Wiki nane nikazimalizia kwenye ofisi moja mjini nikitoa fotokopi. GPA yangu ilikuwa juu ya yako (usibishe, vyeti ninavyo), lakini kwenye usaili swali la kwanza likawa, "Umeshawahi kushuka chini ya ardhi?" Nikajibu nimesoma. Yule baba akatabasamu kwa huruma, akafunga faili.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Uliporudi fildi ya mwaka wa pili, vile viatu vyako vya mgodini, vya chuma, ukaviacha chini ya kitanda na vumbi jekundu limeganda kwenye soli. Ulipoenda kuoga nikavivaa. Vilinipwaya, nikatembea navyo toka dirishani mpaka mlangoni, ko, ko, ko, kama meneja. Nikasikia kandambili zako koridoni nikavivua kwa fujo, kimoja nikakirudisha kikiwa kimegeuka. Wiki nzima niliogopa kwamba umejua. Ulijua?

Ndiyo maana sitaki kumkataza Masanja. Bodi ya Mikopo wananikata asilimia 15 ya mshahara mpaka leo, na siwalaumu, kazi yao ni kukopesha, si kumtafutia mtu mlango wa mgodini. Huyu mlango ameupata. Ninachoogopa ni kwamba afunguliwe, aambiwe ngoja nje kwanza, halafu ile miaka minne bado wanamdai. Yeye hana habari. Amekariri kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini, kwamba kampuni lazima ziwe na mpango wa kuwafundisha wazawa warithi nafasi za wageni. "Dada, wananihitaji." Nikamwambia wanamhitaji Mtanzania, na Watanzania tuko wengi. Akanuna mpaka chakula cha jioni.

Halafu kuna mtoto wa jirani, yule mwembamba, aliyepelekwa na mgodi VETA Moshi kwenye ule mpango wa IMTT, wa kufundisha mafundi wa migodini. Darasani kidogo, mgodini kidogo, leo ni fundi wa mitambo na ameshaezeka nyumba. Baba anamtaja kila tukikaa kula, kana kwamba Masanja ndiye aliyemzuia yeye kuwa... basi, hayo tuyaache.

Naomba unisaidie, shoga yangu. Kifungu cha 9 usome, na cha 11, cha fidia. Wewe sasa unakaa meza moja na watu wa mafunzo: hivi mkataba wa namna hii hurekebishwa, au ni saini au acha? Tukiomba waongeze mstari mmoja tu, kwamba wakikata ada na deni la miaka linakufa, watamfuta jina? Wewe ulipokatwa, walikudai kitu? Na kile kiwango cha fidia, ni shilingi za mwaka alioacha au za mwaka aliosaini? Fildi wanamshusha kweli, au atahesabu kofia stoo? Mzee Spana bado yupo? Akiwepo, unaweza kumuuliza bila kumtaja Masanja?

Daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, kwa hiyo kisingizio cha kungoja kivuko huna tena. Uje Jumatano jioni ukiwa umetoka zamu, au nije mimi? Mkataba nimeupiga picha, kurasa saba, nakutumia usiku huu. Ya tano imetoka na kidole changu, lakini kifungu cha 11 kinasomeka.

Vile viatu uliviweka wapi?

Wako,
Pili