Somo, njoo tuanzishe kijiwe cha wasomaji wa safari

Magomeni, Dar es Salaam

Kwako somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Morogoro, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, joto la jiji letu unalijua.

Baada ya salamu, nina jambo kubwa moyoni, na nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu tutaishia habari za harusi na bei ya mchele. Nataka kuanzisha kijiwe cha watu wanaopenda kusoma habari za safari. Majirani kadhaa nimeshazungumza nao, wamekubali. Baraza ninalo, mikeka ipo, chai nitapika mwenyewe. Aliyebaki ni wewe.

Tangu shule sisi wawili tumesoma safari nyingi za wageni waliopita nchi hii, na ndani yake watu wetu wanatokea wakibeba mizigo, wengi hata majina hawana. Safari hii nataka tuanze na waliotoka kwetu wakaenda kuwatazama wengine. Wa kwanza awe Selim bin Abakari. Asili yake ni Komoro, na alikuwa akimtumikia Mjerumani mmoja, Dakta Bumiller. Mwaka 1896 walikwenda wote Urusi mpaka Siberia, na Selim akaieleza safari hiyo kwa Kiswahili. Msomi mmoja Mjerumani, Carl Velten, akaichapa Ujerumani mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, pamoja na habari za wengine, akiwemo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyeeleza safari yake ya Udoe na Uzigua. Hebu fikiria, somo! Siberia, zaidi ya miaka mia na ishirini iliyopita, imesimuliwa kwa lugha hii hii tunayonunulia nyanya Ilala. Mtu akiniambia tena kwamba Waswahili hawana mazoea ya kuandika safari zao, nitamwekea kitabu hicho mapajani.

Tahajia yake ni ya zamani, ukisoma kimya kimya unakwamakwama. Lakini nimejaribu kusoma kwa sauti, na maneno yamekaa sawasawa, utadhani mzee ameketi mbele yako anakuhadithia. Hapo ndipo ninapokutaka wewe. Nakumbuka ulivyokuwa ukitusomea bwenini kwa tochi, taa zikishazimwa, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Nataka watu wa Magomeni wamsikie Selim kwa sauti yako.

Baada yake tutamsoma Ibn Battuta. Yeye ni mgeni, Mmoroko, ila alipita pwani yetu mwaka 1331 na alikuwa na jicho la kuona vitu vidogo. Alilala Mombasa usiku mmoja tu, lakini ametuachia habari ya kisima kilichoko mlangoni mwa msikiti: kata ya mti yenye mpini mwembamba ya kuchotea maji, na kipande kinene cha mkeka cha kufutia miguu, kwa sababu watu walitembea pekupeku na ilibidi wanawe kabla ya kuingia. Mogadishu aliandaliwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Nimeshaamua kwamba siku tutakayomsoma, ndizi za maziwa zitapikwa. Jirani yangu mmoja Mhaya amedai jiko ni lake siku hiyo, na mimi sibishani na Mhaya kuhusu ndizi.

Kuna swali nataka tulijadili siku hiyo. Hayo yote Ibn Battuta aliyasimulia alipokwisha kurudi kwao, na mwandishi wake Ibn Juzayy aliyakamilisha mwaka 1356, yaani miaka zaidi ya ishirini baada ya safari ya huku. Tumwamini kiasi gani? Mimi kile kipande cha mkeka cha mlangoni kinanifanya nimwamini sana. Mtu anayebuni hubuni makubwa, habari ya kipande cha mkeka cha kufutia miguu ataitoa wapi?

Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, naye tutamsoma, maana habari za maisha yake alizieleza mwenyewe kwa Kiswahili. Lakini sitakubali tumsome kwa kumshangilia. Pembe zile zilibebwa na watu, na watu wenyewe waliuzwa. Kwa hiyo siku hiyo hiyo nataka tuwasome Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kwa Chitambo, ndani ya Zambia ya leo, wao na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mmoja wao, Jacob Wainwright, aliyekombolewa utumwani akasomeshwa India, aliandika shajara ya msafara huo, kisha akaenda na mwili mpaka London, akawa miongoni mwa wachukuzi wa jeneza Westminster Abbey. Shajara ile ipo mpaka leo. Aliandika kwa Kiingereza, basi wewe mwalimu utatusaidia kuileta kwa Kiswahili kurasa chache chache. Hiyo kazi nina hamu nayo kuliko zote.

Katika waliokubali kujiunga yupo dereva wa malori wa mtaa wetu, anayekwenda Lubumbashi. Nilipomweleza mpango alinyamaza, akaingia ndani, akarudi na kauntabuku kubwa lenye jalada lililopauka kwa mafuta. Humo ameandika kila safari: bei ya dizeli, foleni ya Tunduma, foleni ya Kasumbalesa, mvua ilipowakamata, nani aliwauzia mihogo ya kuchoma. Mwandiko wenyewe umelala, mahali pengine wino umebadilika katikati ya sentensi kwa sababu kalamu iliisha. Nilisoma kurasa mbili nimesimama pale pale mlangoni. Nimemwomba atusomee, na amekubali kwa sharti kwamba asiwe wa kwanza.

Habari ya vitabu isikupe shaka. Cha Velten ni cha zamani mno, nimeshatoa kopi za sura ya Selim kwenye stesheneri ya hapa mtaani. Vilivyopo madukani tutachangishana, tununue nakala moja moja na kupokezana kama mchezo wa upatu. Nimeweka cha kwanza kiwe Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, maana Yusuf na ule msafara wa kwenda bara tutawaelewa vizuri zaidi tukishawasoma wasafiri wenyewe. Vingine nitaulizia Maktaba Kuu pale Bibi Titi.

Na tukijaliwa, tutakwenda Kilwa. Basi la Kilwa Masoko tutalipanda Mbagala Rangi Tatu, kisha tuvuke kwa mashua mpaka Kisiwani. Huko kuna magofu ya jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa na Sultani Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyempokea Ibn Battuta. Nataka ukurasa wa Kilwa tuusomee pale pale, sio barazani kwangu.

Sasa nijibu haya mawili. Jumamosi ya mwisho wa mwezi inakufaa? Treni ya asubuhi inakuleta kwa chini ya saa mbili, nitakupokea stesheni tupande mwendokasi mpaka nyumbani, na ulale, urudi Jumapili. La pili, kile kitabu changu cha Ibn Battuta kipo kwako tangu ulipohama. Tafadhali njoo nacho. Kama shemeji bado anakisoma, mwambie aje naye, nafasi ya mtu mmoja kwenye mkeka haikosekani.

Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi somo yako,
Magomeni