Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, madaktari, wauguzi na wakunga wenzangu,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Vikao vya kupitia vifo vya uzazi vilifanyika, semina ya presha ya ujauzito ilifanyika, waliofiwa tuliwafariji. Mapato na matumizi mtasomewa na mweka hazina.

Nije kwenye lililozua maneno. Kamati ya utendaji iliamua shilingi milioni 6 za mfuko wa mafunzo zisiende kwenye kongamano la hotelini kama ilivyozoeleka, bali zimsaidie mwenzetu nauli na malazi anaposomea ubingwa bobezi wa mimba hatarishi nje ya nchi. Imesemwa kwamba mwenyekiti amempendelea mtu wake. Kikao kilikuwa halali, muhtasari upo, na wengi wa wanaolalamika walialikwa wasije.

Tazameni safari ya daktari huyu. Miaka 5 ya shahada, mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi chini ya uangalizi, kazi hospitali ya wilaya, kisha miaka 3 ya ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Hapo ndipo tulipoishia wengi wetu. Yeye anaongeza mingine 2 ili aweze kuuchunguza kwa ultrasaundi moyo wa mtoto aliye tumboni, kumsimamia mjamzito mwenye ugonjwa wa moyo, na kulitambua mapema kondo la nyuma lililojichimbia kwenye kovu la upasuaji, kabla mama hajafika mezani akatoka damu isiyozuilika. Leo mama wa namna hiyo tunampa rufaa na kumwombea dua njiani.

Wapo wanaouliza mbobezi wa nini ilhali vifo vya uzazi vimeshuka. Kweli vimeshuka: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 ulionyesha vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya 2015/16. Hao 104 ni akina mama, na kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya ujauzito, bado kinawachukua. Tangu 2002 inajulikana kwamba magnesiamu salfeti hupunguza kifafa hicho kwa zaidi ya nusu, lakini dawa inataka mtu anayejua kuisimamia. Waliokuja kwenye semina walimwona mwenzetu akifundisha: kila mkunga aligonga goti la jirani yake kwa nyundo, akahesabu pumzi, akasoma kiasi cha mkojo kwenye mfuko, kalsiamu glukoneti, dawa ya kumwokoa mama magnesiamu ikimzidi, ikiwa tayari mezani, ndipo aruhusiwe kutaja dozi inayofuata.

Barua za kumwombea ruhusa niliziandika mimi na kuzifuatilia ofisi kwa ofisi. Sijisifu, nataka ijulikane kwamba jambo hili halikujileta. Tena ametia saini kurudi kutumikia mkoa huu.

La mwisho linaniumiza. Kati ya wanachama 58, ada wamelipa 21. Mkutano wa Juni walikuja 14, akidi haikutimia, tukatawanyika. Kwenye kundi la simu watu wanajibizana hadi usiku wa manane. Kikaoni viti vitupu.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda na wadau wakijitokeza, kuanzisha kliniki ya pamoja ya mimba hatarishi, na pengine kupata mashine ya ultrasaundi. Ada zinapokelewa mlangoni leo hadi saa kumi jioni.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti