Ukomunisti haukuanza na Marx

Mhariri,

Kila mjadala kuhusu ukomunisti unapozuka, watu huanzia kwa Karl Marx na Ilani ya Kikomunisti ya mwaka 1848, kana kwamba kabla yake hakuna aliyewaza. Naomba nafasi nimtaje François-Noël Babeuf, Mfaransa aliyejiita Gracchus.

Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, kazi yake kule Picardy, kaskazini mwa nchi hiyo, ilikuwa kupekua hati za kale za mashamba ili makabaila waendelee kuwadai wakulima tozo. Ni katika vumbi la makaratasi hayo, aliandika baadaye, ndimo alimogundua jinsi ardhi ilivyoporwa. Mwaka 1796 yeye na wenzake walipanga kuipindua serikali jijini Paris. Hoja yao ilikuwa nzito: usawa mbele ya sheria haumshibishi mwenye njaa. Walitaka ardhi isiwe mali ya mtu, mazao yakusanywe kwenye maghala ya umma, kila mmoja agawiwe sawa na mwenzake. Wakasalitiwa. Babeuf alikatwa kichwa mjini Vendôme, Mei 1797.

Hata yeye alitanguliwa. Mwaka 1649 Gerrard Winstanley na maskini wenzake walilima ardhi ya wazi kule Surrey, Uingereza, wakisema dunia ni hazina ya wote. Walifukuzwa.

Njia ya Babeuf ya kutwaa madaraka kwa njama siiungi mkono hata kidogo. Lakini walimu wetu wa historia, tafadhali, watajeni watu hawa kwa wanafunzi kabla ya kufika kwa Marx.

Msomaji wako,
Morogoro